Jogoo wa Mavuno

Kitendawili! Itikia, nikutegee. Hana miguu, lakini Jumapili moja aliingia nyumba kumi na tisa. Hana meno, lakini kwa wiki mbili alimaliza kuku mia nne. Ukimtafuta kwa macho humwoni, ukimwita kwa jina anaitika kwa kikohozi cha mwingine. Ni nani huyo?

Umeshindwa? Nipe mji basi. Njombe? Aa, Njombe mwezi wa saba baridi yake inang'ata kama mbwa wa mgeni, sitaki. Nipe Makambako. Umenipa? Haya, nimekwenda Makambako, nimekula wali wao kwa nyama, nimelala, nimeamka, nimerudi na jibu: ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku ambao wengine huuita kideri. Lakini usicheke mapema. Kujua jina la mwizi siyo kujua nani alimfungulia mlango, na kwa hilo la pili watu walivunjana mifupa.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, biashara imefunguliwa, kila mtu anauza anachokipata. Fidelia alikuwa bibi mifugo wa kijiji cha Idunduma, katikati ya Makambako na Njombe. Serikali ilimwachia friji la mafuta ya taa lisilo na mafuta ya taa, akawa anahifadhia humo viatu vya mvua. Dawa haziji, chanjo haziji. Ndipo alipomkaribisha Kheri, mtu wa Kondoa, mwenye duka la vifaranga na dawa za mifugo karibu na stesheni ya Makambako. Kheri alileta vifaranga wa mayai kwa treni kutoka Dar es Salaam, akaleta na chanjo ya mdondo ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Mnunuzi wake mkubwa Idunduma alikuwa Gideoni, kaka yake Fidelia tumbo moja, mzee wa kanisa. Alinunua vifaranga arobaini, mkewe Rejoice akawalea kama watoto mpaka wakaanza kutaga.

Jumapili ya mavuno, kanisa la Kilutheri la Idunduma lilijaa mpaka nje. Kina mama wakapita mbele kwa nyimbo, huyu na debe la mahindi, yule na viazi, mwingine na kuku ndani ya khanga. Sadaka ya mavuno haina jina. Unaiweka madhabahuni, unainamisha kichwa, unarudi kukaa. Kuku wakatiwa kwenye tenga moja kubwa la mianzi, kuku ishirini na watatu, wakabanana humo tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka ya mwisho.

Baada ya ibada, mnada. Dalali alikuwa Gideoni, maana sauti yake ilisikika mpaka bondeni. Akaingiza mkono kwenye tenga, akatoa jogoo mwekundu, mkia wa kijani, kifua kama cha askari. Jogoo akapiga chafya mbili.

"Mnamsikia?" Gideoni alipaza sauti. "Ninyi mnasinzia, mwenzenu anasema amina!"

Watu wakacheka. Mwalimu Abrahamu akamnunua, akamrudisha mezani auzwe tena, kama ilivyo desturi ya mtu anayetaka kubarikiwa mara mbili. Kwaya wakamnunua, wakamrudisha. Vijana nao. Jogoo akapita mkono kwa mkono, kila mmoja akimpapasa kifua, kisha anarudishwa kwenye tenga kungoja bei nyingine.

Mwisho Gideoni akasema, "Hivi dalali hana mfuko? Huyu ni wangu, wala simrudishi! Huyu anakwenda kwa Rejoice, akawaoe wale wachumba arobaini!"

Vigelegele vikapigwa. Rejoice akajifunika uso kwa khanga.

"Wifi, unaona haya ya nini?" Fidelia akamtania. "Mkwe kaja na mkia wa kijani!"

"Niache, wifi," Rejoice akasema, naye akaondoka mapema kwenda kupika.

Jumatano yake Kheri akaja na pikipiki yake, chupa ya chai begani. Yeye na Fidelia wakapita nyumba kwa nyumba, yeye anashika kuku, Fidelia anadondosha tone la chanjo jichoni. Wengi walikubali. Wachache walikataa, kama mwalimu Abrahamu aliyesema, "Kuku wangu hawaumwi macho."

Ijumaa kuku wakaanza kuhema midomo wazi, koo zinakoroma kama sufuria ya maharage. Jumamosi mabawa yakashuka, kinyesi kikawa cha kijani, shingo zikapinda kuangalia nyuma. Jumatatu wale arobaini wa Gideoni walikuwa wamelala juu ya maranda, miguu juu, na mayai yao ya mwisho yalitoka hayana ganda. Kijiji kizima kikanuka. Watu walichimba mashimo, wakafukia, wakachimba tena. Na kila aliyeshika jembe alisema neno lilelile: tone la jichoni.

Jumatano iliyofuata, saa nane mchana, Kheri akarudi kuangalia kuku aliowachanja. Hakuwa na habari. Alizima pikipiki mbele ya ofisi ya kijiji, akamwona Gideoni, akanyoosha mkono kumsalimia kwa Kibena.

"Kamwene, mzee."

Gideoni alimjibu kwa mpini wa jembe. Ulimpata juu ya kiwiko, na Fidelia aliyekuwa anatoka ofisini akasikia mlio wa mfupa, mkavu, kama mtu anavunja kuni. Kheri hakupiga kelele. Aliuangalia mkono wake unavyoning'inia, kama mkono wa mtu mwingine. Kisha wakamvamia. Watu waliokuwa wanaimba sauti ya tatu kwenye kwaya walimpiga mateke ya mbavu. Mama mmoja alimpiga usoni kwa kuku mfu, akamshika miguu, akampiga tena na tena mpaka manyoya yakamganda Kheri kwenye damu ya pua.

"Mwacheni! Kaka, mwache!" Fidelia alijirusha juu yake. Mtu akamvuta kwa nywele, mwingine akampiga kofi lililomfanya aone giza na nyota mchana. Alipofumbua macho, Gideoni alikuwa ameshika chupa ya chai, amemimina barafu chini, ana kichupa cha chanjo mkononi.

"Ulisema ni dawa," Gideoni alisema. Alikuwa anahema. "Dawa hainyweki?"

"Mzee, ni ya kuku..."

"Kunywa!"

Wakamshika taya. Wakagonga kichupa kwenye jino mpaka jino likavunjika, wakamimina. Kheri akakohoa damu na chanjo pamoja. Nyuma yao pikipiki ilikuwa imeshamwagiwa petroli yake yenyewe, na moto ulipoipata watu wakarudi nyuma kidogo, na hapo ndipo Elius alipopata nafasi ya kupita.

Elius alikuwa mwenyekiti wa kijiji, mzee mfupi mwenye koti refu la jeshi. Hakuja na silaha. Alikaa chini, juu ya mavumbi, kichwa cha Kheri akakiweka mapajani mwake.

"Pigeni sasa," alisema. "Anzeni na mimi mzee."

Hakuna aliyepiga.

"Mkimwua leo, na kesho ionekane siye, nani kati yenu anajua kufufua?"

"Na ikionekana ndiye?" Gideoni akauliza.

"Ikionekana ndiye, kiberiti cha kuchomea duka lake nitanunua mimi. Na mimi nitawaongoza njia hadi Makambako. Nimesema mbele yenu wote."

Maneno hayo yalimtisha Fidelia kuliko mpini wa jembe. Elius hakuwahi kusema neno akalirudisha.

Kheri alipelekwa hospitali ya Njombe kwa lori la mbao, amelazwa juu ya magogo, na kila shimo la barabara lilimtoa ukelele. Fidelia alibaki, akawapasua kuku waliokufa asubuhi hiyo, Elius amesimama juu yake. Akamwonyesha koo, jekundu, limejaa ute wenye damu. Akamwonyesha tumbo dogo lililo mbele ya firigisi, lina vidoa vyekundu kama limechomwa na sindano.

"Huu ni mdondo, mwenyekiti. Hilo sina shaka."

"Basi chanjo yake ni ya mdondo na kuku wamekufa kwa mdondo. Umeshamfunga mwenyewe, binti yangu."

"Mdondo una zaidi ya ukoo mmoja, kama watu. Wako wapole, wako wauaji, na wote wanaitwa jina moja. Wa kwenye chupa ni mpole, anawafundisha kuku kupigana. Kwa macho siwezi kuwatofautisha. Maabara wanaweza."

"Kwa vipi?"

"Wanamtia ndani ya yai lenye kifaranga, halafu wanahesabu saa. Mpole anakaa saa tisini na zaidi kabla kifaranga hakijafa. Mwuaji hafikishi sitini."

Elius akatikisa kichwa polepole. "Yaani wanampa mtihani."

Fidelia akapangusa koo za kuku kwa pamba, akazitia kwenye vichupa. Akachukua kichupa cha chanjo kisichofunguliwa kilichosalia kwenye barafu iliyomwagwa. Akaenda Makambako, akapangusa na koo za kuku wa Kheri mwenyewe, waliokuwa wazima nyuma ya duka. Vyote akavitia ndani ya chupa ya chai yenye barafu mpya, Elius akaziba mfuniko kwa plasta, akagonga muhuri wa kijiji juu ya plasta. Aliyebeba kwenda maabara Dar es Salaam alikuwa Salha, mke wa Kheri, na Elius akapanda naye treni ile ile, ili asiwepo wa kusema kwamba chupa ilifunguliwa njiani.

"Mume wangu amelazwa, jino limevunjwa," Salha alimwambia Fidelia stesheni, "na mimi nabeba makohozi ya kuku wenu. Sawa. Ila ndugu yako akikanyaga dukani kwangu kabla sijarudi, nimemwachia mdogo wangu sufuria ya mafuta jikoni. Mwambie yanachemka."

Majibu yalichukua siku kumi na nane. Kwa siku hizo Idunduma ilikuwa kama mtu mwenye jipu. Kuku waliobaki walinyongwa, wagonjwa na wazima, watu wakizungusha shingo na kutupa, wanazungusha na kutupa. Dirisha la duka la Kheri lilipigwa mawe, na kuku mfu akatupwa ndani juu ya magunia ya pumba. Mbwa wa Fidelia alikutwa amekatwa miguu ya nyuma. Alimmalizia mwenyewe kwa shoka, akamfukia, akanawa, akaenda kazini.

Kazi yake siku hizo ilikuwa moja. Alipita kila nyumba na daftari, anauliza: kuku wa kwanza alikufa lini? Walimfungia mlango, walimtemea mate, naye aliuliza kupitia dirishani. Polepole jambo likajitokeza. Nyumba zilizotangulia kufiwa zilikuwa kumi na tisa. Kati ya hizo, nne hazikuchanja kabisa, ya mwalimu Abrahamu ikiwa mojawapo. Kama si tone, zilikuwa na nini pamoja? Alilala na swali hilo, akaamka nalo, mpaka alipomwona mke wa Abrahamu akianika viazi kwenye ungo.

"Shoga, Jumapili ya mavuno mlinunua nini mnadani?"

"Mtetea mmoja. Kwa nini?"

Akarudi nyumba zote. Kumi na tisa zote zilinunua kuku kutoka lile tenga. Kisha akaenda kwa kaka yake. Gideoni hakuwepo, alimkuta Rejoice anafua.

"Wifi, yule jogoo mwekundu yuko wapi?"

"Nilimchinja kesho yake ya mavuno, Jumatatu asubuhi mapema."

"Mbona mapema hivyo? Si aliletwa awaoe wachumba?"

"Alikuwa anasinzia," Rejoice alisema, akakamua shuka mpaka vidole vikawa vyeupe. "Nikaona afadhali nyama."

Alilala usiku mmoja tu na wale arobaini. Usiku mmoja ulitosha.

Jumapili Fidelia alisimama kanisani wakati wa matangazo. Jicho lake lilikuwa bado na alama ya kofi. "Simlaumu mtu," alisema. "Nauliza tu. Yule jogoo mwekundu, nani alimweka madhabahuni? Alitoka wapi? Nikijua alikotoka nitajua ugonjwa ulikotoka."

Mtoto mmoja akalia, akanyamazishwa kwa titi.

"Sadaka haiulizwi mwenyewe, dada," mchungaji akasema kwa upole.

"Unataka kumshitaki Mungu sasa?" Gideoni akasema kutoka kiti cha wazee, na watu wakaguna. Swali likabaki pale pale kanisani, linaelea juu ya vichwa kama moshi usio na bomba.

Siku ya kumi na nane Elius na Salha wakashuka na barua. Elius hakutaka isomwe ofisini. Aliitisha mkutano uwanjani, akaagiza Kheri aletwe. "Mtuhumiwa asikie kwa masikio yake," alisema. Kheri akaja na mkono ndani ya plasta nzito ya hospitali, uso una rangi tatu, Salha ubavuni mwake. Watu wakasimama kwa nusu duara, na wengi, Fidelia aliona, walikuwa wamekuja na mapanga kana kwamba wanatoka kufyeka. Kiberiti kipya kilikuwa mezani mbele ya Elius, amekinunua kweli.

Fidelia akasoma.

"Mdudu wa kwenye chupa ya chanjo: saa mia na kumi. Mpole. Kuku wa dukani Makambako: hawana mdudu yeyote. Kuku waliokufa Idunduma: mayai yote yalikufa kabla ya saa hamsini. Mkali sana. Ni ukoo mwingine." Akakunja barua. "Chanjo haikuwaua. Ilichelewa tu, kwa siku tatu. Na nitasema lingine, kwa sababu ni kweli: tulipopita nyumba kwa nyumba, mikono yangu iligusa wagonjwa na wazima. Huenda kuna nyumba nilizozipelekea mimi. Mkitaka kunipiga kwa hilo, nipo hapa. Lakini mdudu alikuwa ameshaingia kabla ya Kheri. Aliingia kwenye lile tenga."

Minong'ono ikazunguka. Mwalimu Abrahamu akavua kofia. Baadhi ya mapanga yakashuka.

Elius akakichukua kile kiberiti, akakitia mfukoni. "Mmesikia," alisema.

"Tumesikia karatasi!" Gideoni akatoka mbele. Macho yake yalikuwa mekundu, na mashavu yamebonyea, mtu aliyepoteza kuku arobaini na asiyekubali kuwa alimvunja mkono mtu asiye na kosa. "Hiyo chupa ilibebwa na mkewe! Na kama si chupa, ni viatu vyake! Ni matairi yake! Mdondo wa aina hiyo hatukuuona hapa mpaka huyu alipokuja. Mnataka niamini kwamba ulitoka madhabahuni?"

"Kaka, nyumba nne hazikumwona Kheri..."

"Nyamaza! Umemchagua mgeni, umeacha damu yako!"

Akamkamata Kheri shingoni kwa shati. Salha akamrukia, akamng'ata mkono wa kushoto mpaka damu ikamtoka midomoni, Gideoni akampiga kiwiko, akaanguka. Panga likapanda, likashuka. Kheri alichokuwa nacho cha kujikinga ni ule mkono. Panga likazama kwenye plasta, unga mweupe ukaruka, na Kheri akapiga ukelele ambao siku ya kwanza hakuupiga. Gideoni akalivuta panga, likagoma, akalivuta tena, likatoka na uzi wa damu. Elius akamshika koti kwa nyuma, akaburutwa kama mtoto. Watu walikuwa wanapiga kelele, wengine "mwache!", wengine "maliza!", na mtu asingeweza kusema upande upi ni mkubwa.

Panga likapanda mara ya pili.

"Nani alimweka jogoo yule?" Fidelia alipiga kelele mpaka koo likapasuka. Hakuwa anamwangalia kaka yake. Aliwaangalia wanawake, uso kwa uso, mmoja baada ya mmoja. "Mnamwacha mtu afe! Nani alimweka?"

Safu ya kina mama ikafunguka. Rejoice akatoka, hana khanga kichwani. Akatembea mpaka chini ya lile panga, akasimama kati ya mume wake na Kheri, karibu sana hata panga lingeshuka lingempata yeye kwanza.

"Ondoka hapo," Gideoni akasema.

"Ni mimi," Rejoice alisema. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia. "Nilitoka naye kwetu Ipelele, nilikokwenda msibani. Kuku wa mama walikuwa wanakufa kila siku, mama akanifungia huyu peke yake aliyekuwa bado anasimama. Nilifika Jumamosi wewe hujarudi, nikamficha jikoni chini ya kapu. Niliogopa kumfungulia kwa kuku wetu, Gideoni. Nikampa Mungu. Wewe ukamnunua, ukamrudisha nyumbani."